Klarineti ya Coleridge-Taylor na Nyatiti ya Ziwani: Maisha ya Mtunzi wa Asili Mbili (1875–1912)

Utangulizi

Katika mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kuanzia Kisumu hadi Siaya na Homa Bay, nyatiti ni ala yenye heshima kubwa. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, akazicharaza nyuzi nane kwa vidole vya mikono miwili, akaugonga ubao wa chini wa ala kwa pete ya chuma iliyovishwa kidole gumba cha mguu wa kulia, huku njuga zikilia mguuni na mdomo ukiimba. Orutu, ambayo ni fidla ya uzi mmoja, na oporo, ambayo ni baragumu ya pembe, ni jamaa zake katika ngoma za Wajaluo. Wasikilizaji huketi karibu kiasi cha kusikia kila neno na kila uzi. Kwa hivyo, mtu wa ziwani akiambiwa kwamba Ulaya kuna muziki unaotungwa kwa ajili ya watu wanne au watano tu, wanaoketi wakitazamana bila kiongozi wa kuwaelekeza kwa kijiti, kila mmoja akiwa na sauti yake, haoni ajabu. Anachotaka kujua ni nani aliyetunga, na alikuwa na jambo gani la kusema.

Mmoja wa waliotunga muziki wa aina hiyo ni Samuel Coleridge-Taylor, Mwingereza aliyezaliwa na baba Mwafrika. Aliishi miaka 37 tu. Hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika, seuze kufika Kisumu. Hata hivyo, maisha yake yanaibua suala ambalo wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wamelijadili kwa muda mrefu. Riwaya, tamthilia ya jukwaani na shairi huru ni maumbo ambayo chimbuko lake limezua mabishano makali baina ya wanajadi na wanamapinduzi. Je, msanii anayetumia umbo lililobuniwa na wengine anaweza kulifanya lake? Na akishalifanya lake, ataipata wapi malighafi ya asili yake, na nani atailinda kazi yake? Makala haya yanayasimulia maisha ya mtunzi huyu kwa kuyazingatia maswali hayo.

Kuzaliwa na malezi

Samuel Coleridge-Taylor alizaliwa tarehe 15 Agosti 1875 katika mtaa wa Holborn, London. Baba yake, Daniel Peter Hughes Taylor, alitoka Freetown, Sierra Leone, akaenda Uingereza kusomea udaktari. Mama yake, Alice Hare Martin, alikuwa msichana wa Kiingereza. Wawili hao hawakuoana, na Daniel alirejea Afrika Magharibi kabla ya mtoto kuzaliwa. Alifanya kazi huko hadi alipofariki nchini Gambia mwaka 1904. Mama alimpa mwanawe jina la mshairi wa Kiingereza Samuel Taylor Coleridge, na nyumbani akawa akiitwa Coleridge tu.

Mtoto alilelewa Croydon, kusini mwa London, katika nyumba ya Benjamin Holmans, fundi wa kuwapigia farasi viatu vya chuma. Nyumba hiyo haikuwa ya matajiri, lakini ilikuwa na fidla. Mzee Holmans ndiye aliyemfundisha mtoto kuishika ala hiyo na kuipitishia upinde, kisha akakabidhiwa mwalimu wa mtaani, Joseph Beckwith. Shuleni wenzake walimtania kwa sababu ya rangi yake. Kanisani sauti yake ilimpatia nafasi katika kwaya, na kiongozi wa kwaya hiyo, Kanali Herbert Walters, akamfungulia mlango wa Royal College of Music, chuo cha kifalme cha muziki jijini London. Aliingia huko mwaka 1890 akiwa na umri wa miaka 15.

Inafaa kuzingatiwa kwamba katika malezi haya Afrika haikuwapo ila katika sura ya mtoto mwenyewe. Hakuwa na baba wa kumsimulia ngano wala bibi wa kumwimbia bembezi za Freetown. Watu waliomtazama walimwona Mwafrika. Yeye mwenyewe alikuwa hajaambiwa Mwafrika ni nani. Pengo hilo ndilo alilolihangaikia maisha yake yote.

Masomo chuoni

Coleridge-Taylor aliingia chuoni kusomea fidla, lakini baada ya miaka miwili akahamia utunzi chini ya Charles Villiers Stanford, mwalimu mkali aliyewafundisha watunzi wengi wakubwa wa Uingereza. Miongoni mwa wanafunzi wenzake walikuwamo Gustav Holst na Ralph Vaughan Williams, ambao baadaye walipata sifa duniani. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi mmoja alipomtusi Coleridge-Taylor kwa rangi yake, Stanford alimfariji aliyetukanwa kwa kumwambia kuwa kidole chake kidogo kina muziki mwingi kuliko mwili mzima wa yule mtukanaji.

Kazi zake za mwanzo zilikuwa za kikundi kidogo. Mwaka 1893 alitunga kwa ajili ya piano na ala nne za nyuzi. Muda mfupi baadaye akatunga kwa ajili ya ala tisa, klarineti ikiwa miongoni mwazo. Kwa kijana asiye na fedha wala jina, muziki wa watu wachache ulikuwa na faida iliyo wazi: marafiki watano wanaweza kukutana jioni wakaupiga, ilhali okestra ya watu sitini huhitaji mfadhili.

Klarineti na changamoto ya Brahms

Msomaji anayeifahamu zumari ya pwani hatapata taabu kuielewa klarineti. Zote mbili ni ala za kupulizwa zenye ulimi wa utete unaotikisika kwa pumzi. Tofauti ni kwamba zumari ina ndimi zinazogongana na sauti yake ni kali, ya kuita watu uwanjani, ilhali klarineti ina ulimi mmoja uliofungwa kwenye mdomo wa ala. Kwa sababu hiyo sauti yake inaweza kunong’ona. Chini ni nzito na yenye kivuli; juu ni angavu. Kati ya ala za kupulizwa, hii ndiyo inayojua kuingia katikati ya nyuzi bila kuzifunika.

Wolfgang Amadeus Mozart aliitambua tabia hiyo mwaka 1789 alipomtungia rafiki yake Anton Stadler muziki wa klarineti moja, fidla mbili, viola na selo. Karne moja baadaye, mwaka 1891, mtunzi wa Kijerumani Johannes Brahms alitunga wa kwake kwa ajili ya mpiga klarineti Richard Mühlfeld. Utungo huo wa Brahms ulipofika London uliwashangaza watu. Stanford aliwaambia wanafunzi wake kwamba baada ya Brahms hakuna atakayeweza kutunga kwa ajili ya ala hizo tano bila alama ya Brahms kuonekana katika kazi yake.

Coleridge-Taylor aliichukua kauli hiyo kama changamoto. Mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka 19, alimletea mwalimu wake utungo kamili wa sehemu nne kwa ajili ya klarineti na nyuzi nne. Stanford aliusoma, akakiri kwamba kijana ameweza. Mwaka huo huo utungo ulipigwa chuoni, na mwaka 1897 Stanford aliupeleka Berlin kwa Joseph Joachim, mpiga fidla mashuhuri aliyekuwa rafiki wa Brahms mwenyewe. Joachim na wenzake waliupiga.

Ni nini hasa alichokifanya? Muziki wa Brahms ulikuwa wa mzee anayekumbuka. Klarineti yake hulalamika kwa utulivu, mithili ya mtu anayeyatazama machweo. Coleridge-Taylor hakujaribu kuyakumbuka mambo ambayo hakuwa ameyaishi. Sehemu yake ya kwanza ina nguvu na haraka. Sehemu ya pili ni ya polepole na melodia yake ni nyepesi kama wimbo wa kijijini, kiasi kwamba msikilizaji angedhani ni wimbo uliokuwapo tangu zamani. Katika sehemu ya tatu mapigo ya ala yanapishana, baadhi zikihesabu hivi na nyingine zikihesabu vile, lakini zote zikikutana mahali pamoja. Sehemu ya nne inakwenda kwa msukosuko, halafu karibu na mwisho ile melodia ya polepole inarudi kwa muda mfupi kabla ya kufunga. Klarineti nayo haikupewa kiti cha mfalme. Mara inaongoza, mara inajibu, mara inakaa chini ya fidla ikizishikilia.

Aliyemsaidia kupata njia hiyo ni mtunzi wa Kicheki Antonín Dvořák, ambaye Coleridge-Taylor alimpenda kuliko Brahms. Dvořák alikuwa ameonyesha kwamba mtu anaweza kuitumia kanuni yote ya muziki wa Ulaya na bado akausikilizisha ulimwengu nyimbo za watu wake. Kwa mintarafu hiyo, jibu la Coleridge-Taylor kwa Brahms halikuwa kuivunja kanuni wala kuinakili. Aliitii kanuni ya nje, akabadilisha kinachosemwa ndani yake. Mwanafunzi wa ushairi atakumbuka kwamba vina na mizani vilivyo sawa vimebeba mawaidha, mapenzi, siasa na maombolezo. Bahari ya shairi ni chombo, na nahodha ndiye anayeamua safari.

Hiawatha: sifa bila mali

Mwaka 1898 Edward Elgar, aliyekuwa mtunzi mwenye jina kubwa kumzidi, alimpendekeza Coleridge-Taylor atungie tamasha la Gloucester, na utungo wake wa okestra ukapokelewa kwa shangwe mwezi wa Septemba. Tarehe 11 Novemba mwaka huo huo, Stanford aliongoza chuoni onyesho la kwanza la Hiawatha’s Wedding Feast, utungo wa kwaya na okestra uliotokana na utenzi wa Henry Wadsworth Longfellow wa mwaka 1855 kuhusu shujaa wa wenyeji wa asili wa Marekani. Ukumbi ulijaa hadi pomoni. Baada ya hapo zilifuata sehemu nyingine mbili, mwaka 1899 na mwaka 1900, na kwaya kote Uingereza zikawa zinaimba Hiawatha.

Lakini tayari Coleridge-Taylor alikuwa ameuuza utungo ule wa kwanza moja kwa moja kwa wachapishaji Novello kwa gini 15. Nakala ziliuzwa kwa wingi mno, maonyesho yakafanywa mamia kwa mamia, naye hakupata mrabaha wowote kutokana nayo. Wakati huo alikuwa mtu mwenye familia. Mwisho wa mwaka 1899 alimwoa Jessie Walmisley, mpiga piano waliyesoma naye, ambaye wazazi wake waliipinga ndoa hiyo kwa sababu ya rangi ya bwana arusi. Walijaliwa mtoto wa kiume, wakamwita Hiawatha, na mtoto wa kike, Gwendolen, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Avril.

Ili kuilisha nyumba hiyo, mtunzi aliyejulikana nchi nzima alilazimika kufundisha hapa na pale, kuongoza kwaya na okestra, kutunga muziki wa tamthilia na kusafiri kwa treni kwenda kuamua mashindano ya uimbaji. Mwaka 1903 alikuwa profesa katika Trinity College of Music. Kuanzia 1904 aliongoza Handel Society ya London. Kazi zilikuwa nyingi na usingizi ulikuwa mchache. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema. Coleridge-Taylor alicheza kwao akatuzwa makofi.

Kuitafuta Afrika

Sambamba na ufanisi huo, alikuwa akilitafuta lile pengo la utotoni. Mnamo 1897 alikutana London na Paul Laurence Dunbar, mshairi Mmarekani Mweusi, wakafanya maonyesho pamoja, naye akatia muziki katika mashairi ya Dunbar. Frederick Loudin, kiongozi wa waimbaji wa Fisk kutoka Marekani, ndiye aliyemfunulia utajiri wa nyimbo za kiroho zilizotungwa na watumwa. Mwaka 1900 ulipofanyika jijini London Mkutano wa Umajumui wa Afrika ulioandaliwa na Henry Sylvester Williams, wakili kutoka Trinidad, Coleridge-Taylor alisimamia muziki wa mkutano huo. W. E. B. Du Bois alikuwa miongoni mwa wajumbe.

Mwaka 1901 Wamarekani Weusi wa Washington walianzisha kwaya iliyopewa jina lake. Aliwatembelea mwaka 1904, akaongoza Hiawatha mbele ya umati na kupokewa na Rais Theodore Roosevelt katika Ikulu ya White House. Alirudi Marekani mwaka 1906 na mwaka 1910. Mwaka 1905 alichapisha Twenty-Four Negro Melodies, mkusanyiko wa melodia 24 alizozitungia piano, pamoja na utangulizi wa Booker T. Washington. Alikusudia kuzitendea nyimbo za watu weusi jambo lile lile ambalo Brahms alizitendea za Wahungari na Dvořák za Wacheki.

Hapa ndipo suala la malighafi linapojitokeza kwa uzito wake. Nyingi ya melodia hizo ni za Wamarekani Weusi. Zile za Afrika ni chache, na nyingi kati yake alizipata vitabuni. Zile za kusini mashariki mwa bara zilitokana na kazi ya mmisionari Mswisi Henri-Alexandre Junod, ambaye mwaka 1897 alichapisha nyimbo na ngano za Waronga wa Msumbiji. Hakuna hata melodia moja ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, na mwaka 1906 wamisionari wa Kianglikana wakaanzisha Shule ya Maseno. Nyimbo za kanisa za Kiingereza zilisafiri kwa reli hiyo hadi ziwani. Thum, yaani muziki wa nyatiti, haukusafiri kuelekea upande wa pili, na mwana wa Mwafrika aliyekuwa na kiu nao pale Croydon hakuwa na ukurasa wa kuusoma. Hakuzembea, alitumia kila alichokikuta. Ambacho hakikukusanywa hakikuweza kumfikia.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1912 Coleridge-Taylor alikamilisha kazi yake ya fidla na okestra kwa ajili ya mpiga fidla Mmarekani Maud Powell, ikapigwa kwa mara ya kwanza Norfolk, Connecticut, mwezi wa Juni. Mwaka huo huo aliandika barua katika gazeti la Croydon kuwapinga watu waliowadharau Weusi. Mwishoni mwa Agosti alianguka katika kituo cha treni cha West Croydon. Ulikuwa ugonjwa wa nimonia, na mwili uliochoshwa na kazi haukuweza kupambana nao. Alifariki tarehe 1 Septemba 1912.

Mwezi wa Novemba tamasha la kumkumbuka lilifanywa katika ukumbi wa Royal Albert Hall ili kuisaidia familia yake, na Mfalme akampa mjane posho ya pauni 100 kwa mwaka. Habari kwamba mtunzi wa Hiawatha aliiacha familia katika hali hiyo ziliwaudhi wengi. Kisa chake kilikuwa miongoni mwa visa vilivyotajwa pale watunzi wa Uingereza walipoanzisha Performing Right Society mwaka 1914, chama cha kuwakusanyia watunzi malipo kila kazi zao zinapopigwa hadharani. Kati ya 1924 na 1939 Hiawatha ilijaza Royal Albert Hall mwaka hadi mwaka. Ule utungo wa klarineti uliingia gizani kwa miongo mingi, hadi wapigaji wa nusu ya pili ya karne ya 20 walipoufufua.

Hitimisho

Maisha ya Coleridge-Taylor yanaonyesha kwamba swali la kama umbo ni geni huchosha upesi likilinganishwa na maswali yanayolifuata. Kwamba mtu mwenye asili ya Afrika angeweza kuimudu klarineti na nyuzi nne lilijibiwa mwaka 1895 na kijana wa miaka 19. Wanamuziki wa ziwani nao walilijibu kwa njia yao pale walipolichukua gitaa, ala ya kigeni, wakalifundisha kuzungumza kwa lafudhi ya nyatiti hadi benga ikazaliwa. D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kufariki mwaka 2006, aliipigia benga hiyo pande zote mbili za mpaka bila mtu kumwuliza kama gitaa ni la Mjaluo.

Maswali magumu ni yale mawili yaliyobaki. La kwanza ni la mali: anayetunga bila kuijua thamani ya saini yake huwatajirisha wengine, na hili lamhusu mwandishi wa riwaya ya Kiswahili na mpiga nyatiti anayerekodiwa kwa simu arusini. La pili ni la hifadhi. Hugh Tracey alirekodi muziki wa Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Washington Omondi akaufanyia muziki wa nyatiti utafiti wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1980. Hata hivyo, nyimbo zinazoimbwa matangani na katika sherehe kandokando ya ziwa ni nyingi kuliko zilizoandikwa, na wazee wanaozijua wanapungua. Mtafiti wa fasihi simulizi anayekwenda Seme, Rusinga au Ugenya na kinasasauti na daftari anafanya kazi ambayo faida yake huenda asiione. Huenda mtoto aliyezaliwa mbali, mwenye jina la mshairi wa watu wengine na fidla ya kuazimwa, siku moja akahitaji ukurasa huo ili ajue ametoka wapi.